Yahaya Swedi na Mlingoti wa Kolo

Bismillahi. Kwa idhini ya Sheikh wetu, ya wazee wa Kolo, na ya wageni mliotoka Kondoa mjini, Dodoma na Mpwapwa, familia imemtuma Jamaldini Swedi, mdogo wake marehemu wa tumbo moja, aisome historia hii, na kabla hajafika hata kwenye mwaka wa kuzaliwa, shemeji yake Bi Salha, mjane wa marehemu, amemwambia lazima aanze na lile alilolikosea jana.

Jana Alhamisi jioni, mwili ukiwa haujaoshwa, Jamaldini alisimama uani mbele ya wanaume waliokuja kuhani, akasema kwa sauti ya juu kwamba radi iliyomuua kaka yake haikuwa ya Mungu, ilikuwa ya kutumwa, akanyoosha mkono kwenye ile nyumba ya juu ya mteremko, ya Bi Sikudhani, akasema huyo ndiye aliyeiita kwa debe. Watu walimwamini kwa kuwa yeye ndiye ndugu, na kabla ya Isha debe la Bi Sikudhani lilikuwa limetobolewa kwa sululu na kutupwa korongoni, na wapo vijana, nao wamo humu, waliosema tukitoka makaburini leo yule mama hatalala tena Kolo. Neno lile lilikuwa la uongo, na aliyelisema alijua ni la uongo wakati analisema, na sababu yake itasomwa mahali pake. Historia imeandikwa asubuhi hii, na aliyeiandika ni mtu wa darasa la saba, kwa hiyo mtamsamehe palipopinda.

Marehemu Yahaya Swedi alizaliwa hapa Kolo tarehe 12 Aprili 1947, mtoto wa kwanza wa mzee Swedi na mama yetu Hadija, wote wametangulia mbele ya haki, akasoma Kurani kwa maalimu wa hapa hapa, akaanza shule mwaka 1955, akamaliza darasa la nane Kondoa mwaka 1962. Wazee wanaomkumbuka utotoni wanasema alikuwa mtoto wa kutumwa salamu, kwamba bibi akimwambia nisalimie kwa fulani na fulani na mama yao na yule mgonjwa wao, Yahaya atazunguka nyumba zote, na atarudi na majibu ya kila mmoja kwa jina, wakati mdogo wake akitumwa hivyo hivyo alikuwa akifika mlango wa kwanza, akipewa muwa, basi safari imeishia hapo.

Mwaka 1966 aliajiriwa posta na simu, akianza kama kibarua wa kuchimbia nguzo, baadaye fundi wa laini, akafanya kazi Dodoma, Mpwapwa, na kule Mtera, na tarehe 18 Julai 1971 alimwoa Bi Salha, Mwenyezi Mungu akawajalia watoto watatu, Naima ambaye ni mwalimu Mpwapwa, Swedi ambaye ni fundi seremala Dodoma, na Salama ambaye bado yuko shuleni na ameketi pale na mama yake. Mwaka 1994, shirika lilipogawanywa na wafanyakazi wengi wakapunguzwa, marehemu naye alipunguzwa, akarudi Kolo na sanduku la bati na ule mkanda wake wa kupandia nguzo, akautundika ukutani juu ya kitanda, na Bi Salha alipomuuliza anaweka pambo gani pale chumbani, alijibu, "Mama Naima, mie sijashuka, nimepumzika tu."

Na kweli hakupumzika mwaka mzima. Katikati ya mwaka 1995 kile kituo kidogo cha utafiti wa udongo na mbegu, hapo chini ya kilima, kilimchukua, na mkuu wa kituo, Dokta Ulimboka, ambaye tunaye hapa, alimweleza kuwa vyuo na vituo vya utafiti vya nchi nzima vimeanza kuunganishwa kwa kompyuta, kwamba mtaalamu wa Morogoro aweze kuandikiana na wa Dar es Salaam na wa Dodoma siku hiyo hiyo, na akasema ni aibu Kolo ibaki nje kwa sababu tu laini ya simu haifiki. Mwanzoni ilikuwa kazi ya kuchekesha, barua zikaandikwa kwenye kompyuta, zikanakiliwa kwenye disketi, disketi ikafungwa kwenye mfuko wa nailoni, ikapewa kondakta wa basi la Dodoma, na kule mtu akaipokea akazipitisha kwenye simu, lakini vumbi la barabara yetu mnalijua, nyingi zilifika zimekufa. Hapo ndipo marehemu alipomwambia Dokta, "Kama ardhi imekataa, tupite hewani," na mwaka 1996 ukasimamishwa ule mlingoti mrefu kuliko yote wilayani, ikafungwa simu ya upepo, na kompyuta ya Kolo ikawa inazungumza na kompyuta ya Dodoma kwa redio, polepole sana, herufi kwa herufi, mpaka ukiiangalia unadhani inafikiri.

Marehemu alipanda juu ya mlingoti ule kwa mkanda ule ule aliokuwa ameutundika ukutani.

Mwaka uliofuata mvua ilikata, mtama ukakauka, na watu wa Kolo walipotazama juu walikuta kitu kimoja tu kipya, kile chuma. Ikasemwa mlingoti unapasua mawingu, ikasemwa Yahaya anaifunga mvua ili barua zake zisilowe, na aliyesema kwa sauti kuliko wote alikuwa Bi Sikudhani, hilo halifichwi, kwa kuwa alishuka mwenyewe mpaka mlangoni mwa kituo, akakataa kuketi, akasema, "We Yahaya, hicho chuma chako kimekunywa mvua ya watu, kitoe tuonane wema." Marehemu hakugombana naye, alimwamkia kwa kuwa ni mkubwa wake, akasema, "Shikamoo dada, kama chuma kingejua kunywa mvua ningekifundisha na kuitapika," na wanawake waliofuatana naye wakacheka, naye akacheka bila kupenda, akaondoka akiwa bado na hasira. Mwisho wa mwaka huo ikaja ile mvua mnayoikumbuka, iliyobeba madaraja, na safari hiyo Bi Sikudhani alipiga kelele toka kwake juu bila kushuka, "Yahaya baba, basi sasa, funga kidogo, mtama unaoza."

Baada ya mvua ile mtama wake ulitoa vichwa vyeusi kama mkaa, akaja kituoni na bua moja mkononi, akasema tena bila kuketi kwamba kama hiki kitu kina akili kiseme huu ni ugonjwa gani. Dokta alikuwa safarini, basi marehemu akaandika yeye mwenyewe, kwa maneno ya mama yule kama yalivyotoka, akaipeleka Morogoro kwa mtandao, na kabla ya Ijumaa jibu likaja, kwamba ugonjwa unakaa kwenye mbegu, itiwe dawa kabla ya kupandwa, na dawa ni ipi. Mwaka uliofuata mtama wa Bi Sikudhani ulikuwa safi, na toka siku hiyo hakuna mtu aliyeruhusiwa kuutukana mlingoti mbele yake.

Sasa lazima lielezwe jambo la debe, maana wengi mlilisikia likipigwa na hamkujua ni la nini. Radi ikipiga mlingoti hufuata waya mpaka ndani na kuunguza kila kitu, kwa hiyo wingu likija kazi ni moja, kuuchomoa waya wa mlingoti kutoka kwenye redio, na kituo kiko chini ya kilima, hakioni wingu linalotoka mashariki mpaka limeshafika kichwani, wakati nyumba ya Bi Sikudhani inaliona likiwa bado mbali. Wawili hawa walipatana wenyewe, bila karatasi wala shahidi, kwamba akiona wingu atalipiga debe mara chache kwa utulivu, maana yake jiandae, na likikaribia atalipiga mfululizo, maana yake chomoa, na kwa misimu miwili debe lile liliokoa kompyuta ya Kolo, likaokoa na mazungumzo yetu na nchi nzima. Marehemu alikuwa akisema mtandao wa Kolo una mashine tatu, kompyuta, redio na dada Sikudhani, na ya tatu ndiyo isiyohitaji umeme.

Kazi ile iliingia mitaani. Dokta hakukataza, hewa ikiwa na nafasi watu walio na watoto vyuoni waliandika, na barua zetu mnazijua zilivyo, habari yenyewe mistari miwili, salamu ukurasa. Watu wa Dodoma walimlalamikia mara nyingi, wakasema, "Mzee Yahaya, punguza hayo masalamu, unatubebesha mizigo," naye akajibu kwamba habari wanaweza kuipunguza wao, salamu si zake, ni za watu, ametumwa tu. Hakupata kuliruka jina la mtu hata mara moja.

Marehemu hakuugua. Hapa historia nyingine husema aliugua muda fulani akapelekwa hospitali fulani, lakini jana asubuhi alikunywa uji, akamtania Salama kuhusu nywele zake, akaenda kazini, na baada ya Adhuhuri mdogo wake Jamaldini alimfuata kituoni na barua ya kumpelekea mwanawe Abdu aliyeko chuoni Morogoro, barua isiyo na haraka yoyote, inayosema sisi wazima, mvua bado, na zaidi ya hapo ni majina. Marehemu alikuwa anaichapa wakati debe lilipogongwa taratibu kule juu. Alisema, "Dada kaliona," akachapa kwa haraka, akamaliza, akanyoosha mkono kwenye waya auchomoe barua ikae mpaka kesho, na hapo Jamaldini akasema, "Kaka, usiifunge, hujamweka shangazi Zuleha, akijua atanuna mpaka Idi, na kesho Ijumaa Abdu anasafiri, ipeleke leo." Kaka mtu alimtazama, akacheka, akaandika jina la shangazi Zuleha na la mumewe na la yule mgonjwa wao, akaifungulia barua iende.

Debe likaanza mfululizo. Jamaldini alilisikia, hakuna wa kusema hakulisikia, lilikuwa linapigwa kama mtu anayevunja mlango, na Bi Sikudhani akaonekana anashuka mbio mteremkoni huku analipiga, kitenge kimemdondoka, anaita jina. Marehemu alisema, "Imebaki kidogo, ni hizo salamu," akasimama, akaushika waya, akasubiri huku anatazama kioo, na alipouvuta, ndipo.

Jamaldini alikuwa mlangoni. Alitupwa nje, akainuka mzima, hana hata mchubuko, na kaka yake hakuinuka, na mtu wa kwanza kufika na kumwinua kichwa Yahaya alikuwa Bi Sikudhani, akiwa bado na debe mkononi. Lile debe mkononi mwake ndilo Jamaldini alilolikamata liwe kisingizio, kwa sababu kama kosa si la debe lilikuwa la nani, na hakuweza kulisema jina hilo, wala jana usiku alipojaribu kulisema kwenye sala hakuweza. Leo analisema. Aliyemchelewesha Yahaya ni ndugu yake, si jirani yake, na Yahaya amekufa Alhamisi tarehe 18 Novemba 1999, akiwa na miaka hamsini na miwili, mkono wake ukiwa kwenye waya, kwa ajili ya jina la shangazi.

Asubuhi hii Dokta Ulimboka, aliyekuwa safarini tena, amefika kutoka Dodoma, akaiambia familia kwamba barua ile ilipita nzima, mpaka jina la mwisho, na huko Morogoro Abdu ameisoma akafurahi, kabla hajapigiwa simu ya msiba. Bi Salha aliposikia aliomba iandikwe humu kama ilivyo, kwamba mumewe alizifikisha zote.

Familia inamshukuru tabibu Bartolomayo wa zahanati, aliyekuja mbio miguu mitupu na hakukubali kumwacha mpaka alipokuwa hana la kufanya tena, inamshukuru Dokta Ulimboka na wafanyakazi wote wa kituo, wenzake wa zamani wa simu waliotoka Dodoma na Mpwapwa, na wale wa mtandao wa Dodoma ambao hawakupata kumwona sura, walimjua kwa herufi tu, na leo wamekuja kumwona akiwa amefunikwa, inawashukuru majirani waliochimba, waliopika na waliolala nasi. Orodha ni ndefu, na anayewasomea historia hii hataiongeza, amejifunza jana. Yahaya, kaka, umefikisha salamu za watu maisha yako yote, Mola akupokee nawe kwa salama, sisi ni wa Mwenyezi Mungu na Kwake tutarejea.

Limebaki ombi moja kwenu. Toka jana Bi Sikudhani amejifungia, jiko lake halijawashwa, na kwa ajili ya maneno yaliyosemwa imepangwa jeneza lizunguke kwa njia ya korongoni lisipite kwake. Tafadhalini, lisizunguke. Wanawake wawili waende sasa hivi wamlete akae karibu na Bi Salha, jeneza lipite mbele ya mlango wake, na mbele upande wa kulia, pale alipopangiwa Jamaldini kushika, ashike Harithi, mwana wa Bi Sikudhani.