Sindano ya Kifua Yafikishwa Kijiweni

Benchi letu limeegemea ukuta wa kinyozi, upande wa kivuli, na lina desturi moja ya kipumbavu: mtu akikwama, hakati shauri mpaka wote tuliokaa tukubaliane. Ndiyo maana Dereva, aliyepata mtoto wake wa kwanza juzijuzi, alimwacha mkewe kwenye foleni ya kliniki, eti anafuata maji ya kunywa, akaja kutuuliza sisi. Nesi alitaka kumchoma mtoto sindano ya kumkinga na RSV, kirusi cha kifuani, na mke alikuwa akisubiri neno la mumewe. Kahawa ilikuwa ya moto, nasi tukajiona mabingwa.

— Mtoto haumwi, anachomwa ya nini? aliuliza Spana, fundi pikipiki. Injini mpya huigusi, bwana. Unaiacha kwanza izoee barabara.

— Nesi anasema sisi wakubwa kikitupata ni mafua tu, alijibu Dereva. Ila mtoto mchanga kinamziba vinjia vya hewa, mpaka analazwa na oksijeni.

— Mafua haya haya? Mkasi, kinyozi wetu, alipenga kamasi, akafuta mikono kwenye aproni. Mimi ninayo, na vichwa nanyoa kama kawaida!

— Na hiyo kinga inatoka wapi? aliuliza Spana.

— Imo tayari ndani ya sindano, alisema Dereva. Mwili wa mtoto bado haujaweza kujitengenezea ya kutosha.

— Hapo hapo! Kocha, ambaye hajawahi kufundisha timu yoyote, aliruka. Ukimpa vya tayari, anazoea vya bure. Atakuwa jitu zima, bado anakula kwako.

— Na ndevu zitamuwahi, akadakia Mkasi. Meno hana, ila kila wiki yuko kwangu ananyolewa.

— Umemwona nani wa hivyo? aliuliza Dereva.

— Nimesikia.

Mimi nilimuunga mkono kila mmoja, maana ubishi ulikuwa mtamu. Dereva peke yake hakucheka. Alikuwa anaogopa, nasi tulikuwa tunamzidishia.

Mara mkewe akatokea, mtoto kifuani, jasho usoni.

— Foleni imefika kwetu, baba. Maji yako wapi?

— Shemeji, karibu! Mkasi alinyoosha mikono. Hebu nimbusu mjomba wangu.

Mama akarudi nyuma hatua mbili, akamfunika mtoto uso.

— Usije karibu na hayo mafua, shemeji.

— Tunajadili sindano, alisema Spana. Bado hatujakubaliana.

Akatutazama mmoja mmoja, bila hasira.

— Sawa, shemeji zangu. Huyu akibanwa kifua usiku, ashindwe kunyonya, ashindwe kuhema, nimgongee nani mlango kati yenu?

Mimi, mwenye maneno mengi kuliko wote, niliona aibu.

Dereva alisimama, akampokea mtoto.

— Kikao hakijaisha! alilalamika Kocha.

— Endeleeni, alisema Dereva, akaongozana na mkewe kuelekea kliniki.