Vikohozi Kumi na Vinne vya Wembe

Ijumaa hii fundi mitambo wetu hapa redioni anastaafu, baada ya miaka thelathini na mmoja ndani ya chumba kisicho na dirisha. Tunamwita Wembe, kwa ule wembe aliokuwa akikatia utepe wa kurekodia. Mtangazaji akikosea, Wembe anakata, anaunga, na msikilizaji hajui kitu. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa na kigugumizi, na nchi nzima haina habari mpaka leo.

Sifa alizipata kwa wimbo mmoja. Yule dada aliyeacha bendi ili aimbe peke yake alirekodi kwetu, mchana mmoja, akikohoa kila baada ya mistari michache. Alisema ni mafua tu. Wembe akaondoa vikohozi vyote, kumi na vinne, akaunga pumzi kwa pumzi. Wimbo ukashika namba moja wiki kumi na moja. Saluni, harusini, stendi, ni huo huo. Barua zikamiminika zikisifu pumzi yake ndefu, na mimi ndiye niliyezisoma hewani. Akawa anaitwa jukwaani mara tatu kwa wiki. Nani amwambie mwenye pumzi ile aende hospitali? Miezi minane baadaye tukamzika. Yalikuwa mapafu.

Tangu hapo Wembe hakukata tena kikohozi cha mtu. Wakubwa walimwandikia barua tatu za onyo, akazibandika ukutani. Wageni wetu wakakohoa hewani miaka nenda rudi, nasi tukamcheka. Hatukujua, na ni aibu yetu, kwamba vile vipande kumi na vinne vya utepe vilikuwa kwenye bahasha ndani ya droo yake, na kwamba alikuwa akiogopa kumpelekea mama wa marehemu. Aliogopa kuambiwa kuwa yeye ndiye aliyemuua.

Jumatatu alivipeleka. Nilimsaidia kubeba mashine ya kupigia utepe. Alikiri alichofanya, kisha akakaa sebuleni kama mshtakiwa. Mama alisema binti yake alimficha hata yeye, alikuwa akikohoa ndani ya mto wa kulalia. Wimbo anausikia kila siku. Aliomba apigiwe vikohozi tu. Alivihesabu kwa vidole. Vidole vyake vilipokwisha, akauvuta mkono wa Wembe, akaendelea kwa vidole vya mkono huo.

Asante, kaka, kwa kutusitiri wote. Tunakutakia afya njema huko uendako, na siku ukiwa huna, usitufiche.