Fundi Aliyeyatuliza Maji

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, Fundi Kimya anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuhudumia mabomba ya hospitali hii. Wenzake wa karakana wameniomba niandike mimi, binti yake wa mwisho, eti mikono yao imezoea spana, si kalamu.

Jina la Kimya alipewa na wauguzi. Nyumbani hatulitumii, maana huko anaongea hata na birika. Alianza kama kibarua wa kuchimba mitaro, akapanda hadi kuwa msimamizi wa chumba cha pampu. Wengine walipoyaviringishia mabomba magodoro makuukuu ili kuzima mvumo, yeye aligusisha bisibisi kwenye bomba, mpini sikioni, akasema mvumo unasafiri ndani ya maji yenyewe. Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma. Yeye huongeza kwamba hawakuwahi kusikia bomba lililojaa.

Kazi yake ya mwisho ilikuwa wodi ya watoto njiti, ambako ukuta ulivuma kutwa. Alifunga tungi karibu na pampu, ndani yake mfuko wa mpira wenye hewa, ili mipigo ya maji ifie humo. Maelekezo yalikuwa ya Kiingereza, nikamtafsiria. Akayafuata neno kwa neno. Mvumo ukabaki palepale. Vijana wa karakana wakamtania kwamba tungi ni zima, yanayovuma ni masikio ya mzee. Alicheka nao, lakini jioni nyumbani birika halikusemeshwa.

Nakiri: kosa nililiona jioni ileile niliporudia kusoma. Nikanyamaza siku tatu kwa aibu. Ya nne nikamwambia, "Baba, nilikosea. Hewa inatiwa kabla ya maji, si baada."

Alinitazama, akachukua spana yake. Alimwaga maji, akajaza hewa upya, akafungulia. Haikupita robo saa, muuguzi mkuu akashuka mbio kuuliza nani kakata maji wodini.

"Yapo, mama," akamjibu. "Yametulia tu."

Vijana walipouliza kosa lilikuwa wapi, alisema ni lake. Halikuwa lake. Ndiyo maana nimekubali kuandika.

Asante, Fundi, kwa kila mtoto aliyelala usingizi kwa ajili yako. Nenda kapumzike, siku zako ziwe nyingi na masikio yako yawe mazima. Nimeambiwa haya niyasome mwenyewe, kwa sauti. Nikitetemeka mnivumilie, ni hewa tu imepungua.