Dishi Lililogeuzwa

Muuguzi aliyetoka zamu alikuwa amefumba macho kwenye treni, lakini masikio hayana kope. Mbele yake fundi cherehani mmoja, mwanamke, alikuwa akimtambia abiria wa pembeni yake, fundi madishi aliyepakata begi la nyaya.

"Kaka yangu, wale wa chaneli za kulipia walipotukatia matangazo, nikasema dishi si lao, ni letu. Nikanunua king'amuzi cha chaneli za bure, nikapanda kwenye paa, nikaligeuza mwenyewe."

"Mwenyewe? Dada, ile kazi ina vipimo! Ukikosea upana wa kidole tu, unapata chenga tupu." Muuguzi alitabasamu moyoni: hakuna fundi anayefurahi kusikia kazi yake imefanyika bila yeye.

"Ndiyo maana nilihitaji mtu wa kutazama runinga sebuleni na kunipigia kelele. Na nyumbani tuko wawili tu, mimi na mama mkwe, ambaye alininunia tangu tamthilia yake ikatwe. Hata salamu haitikii! Nageuza kushoto, kimya. Nageuza kulia, kimya. Mara nasikia: 'Hapo hapo, mwanangu! Usiguse!' Mwanangu, kaka! Nusura nianguke."

Fundi madishi hakukubali kushindwa. "Ngoja upepo wa mvua ulisukume. Picha itapotea, na utanitafuta."

Treni ilisimama. Fundi cherehani akainuka na furushi lake la vitambaa, uso unang'aa.

"Nikutafute wewe wa nini? Ipotee tu! Mimi nitapanda juu, na mama ataniita mwanangu."