Radhi ya Bi Chiku

Kwaru, kwaru, kwaru. Ni mbuzi ya nazi, alfajiri, kabla ya adhana. Kwa miaka mingi majirani wa mtaa mmoja wa Ngamiani, hapa Tanga, waliamshwa na sauti hiyo. Bi Chiku Jumbe alikuwa akikuna nazi ya vitumbua.

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja. Leo tunamkumbuka Bi Chiku Jumbe, mpika vitumbua, mama wa Hafsa na Yasini. Alifariki mwezi uliopita, kitandani mwake, mkono wake ukiwa mkononi mwa Hafsa.

Bi Chiku alikuwa na mpangaji wa chumba cha mbele. Jina lake Idarusi, muuza manukato. Tuseme kweli, alikuwa mtu mwema kwake. Alimtekea maji. Alimnunulia dawa ya presha. Alimwita mama. Jioni alikaa barazani na Yasini, wakizungumza kwa sauti ya chini.

Alfajiri moja Yasini alipiga magoti kando ya mbuzi. Akasema, "Mama, naenda kukata mkonge, upande wa Korogwe. Nipe radhi yako."

Bi Chiku alifurahi. Vijana wangapi siku hizi wanaomba radhi? Alimwekea kiganja kichwani, kikiwa bado na machicha ya nazi. "Unayo radhi yangu, mwanangu. Nenda salama."

Hakujua kwamba ni Idarusi aliyemtuma. Idarusi alikuwa amemwambia kijana: asiye na radhi ya mama, huko hapokelewi. Na huko hakukuwa shamba la mkonge. Ilikuwa kambi ya watu wenye silaha, msituni. Wiki ile ile Idarusi naye alitoweka. Hata kuaga hakuaga.

Wasikilizaji wapendwa, baada ya muda watu wa kambi ile walivamia kituo kidogo cha polisi. Aliuawa askari mmoja, Zebedayo, mkazi wa Mabawa. Alimwacha mkewe, Benedikta. Narudia majina: Zebedayo aliyeuawa, Benedikta aliyebaki mjane.

Jina la Yasini lilipoanza kutajwa, wateja walikatika. Kuna waliomwita Bi Chiku mama gaidi, tena mbele yake. Mwenye duka wa pale kona, mzee Shabbar, ndiye aliyemkaribisha. "Chiku, lete sinia lako hapa dukani. Watu watanunua vitumbua, hawanunui mwanao."

"Na wasiponunua?"

"Nitakula mimi. Huoni tumbo hili?"

Bi Chiku alicheka. Hafsa anasema ndiyo mara ya kwanza kumwona mama yake akicheka tangu habari zile zije.

Kisha Yasini alipiga simu, akinong'ona. Hafsa alikuwepo. Anakumbuka maneno ya mama yake moja baada ya jingine. "Yasini, radhi niliyokupa ni ya kukata mkonge. Ya hayo unayofanya sikukupa. Nimeichukua radhi yangu. Ukitaka kuniona, rudi."

Simu ikakatika. Bi Chiku akakaa chini palepale, akalia. Alijua kijana anaweza kuuawa njiani.

Lakini Yasini alirudi, miguu imevimba. "Mama alimpa chai kwanza," anasema Hafsa. "Kaka akasema, 'Mama, mimi sikushika bunduki. Nilikuwa nabeba maji tu.' Mama akamjibu, 'Waliokunywa maji yako ndio waliokwenda kuua.' Kisha akajitanda kanga yake. Wakaenda polisi kwa miguu, wameshikana mikono."

Yasini alifungwa. Hafsa alikataa kwenda kumwona, na hafichi hilo. Bi Chiku alikwenda kila alipopata ruhusa. Na kila mara Yasini alimuuliza neno lilelile.

"Mama, na radhi?"

"Nimekuletea sabuni. Radhi bado."

Akitoka gerezani, Bi Chiku alipitia Mabawa, kwa Benedikta. Siku ya kwanza alisema, "Mimi ni mama yake Yasini. Sikuja kumwombea msamaha. Nimekuja kukupa pole." Benedikta akafunga mlango. Bi Chiku akarudi siku nyingine, akakaa kizingitini, hakubisha hodi. Akarudi tena. Mwishowe mlango ukafunguliwa.

"Bibi, utakaa nje mpaka lini? Mbu watakumaliza. Ingia."

Ugonjwa ulipomzidi, alimwita Benedikta. Akamwomba apeleke neno gerezani, kwa sababu yeye hawezi tena na Hafsa hataki. Benedikta hakumwahidi. Alimnywesha uji, akaenda zake.

Hafsa, na ukoo mzima wa Jumbe, poleni sana. Mwenyezi Mungu amrehemu mama yenu. Benedikta nawe, pole, Zebedayo hatujamsahau. Na sisi tuliobaki tujiulize. Kuna aliyeua, kuna aliyebeba maji. Kuna aliyeshawishi kwa maneno matamu, na kuna tuliosikia minong'ono barazani tukapita. Kila mmoja aulize nafsi yake alikuwa wapi.

Wasikilizaji wapendwa, Benedikta alikwenda. Wiki iliyopita alikwenda gerezani. Yasini alimwamkia, "Shikamoo," akamtazama asimjue.

"Marahaba. Mimi ni mke wa Zebedayo. Mama yako amefariki. Amesema radhi yake unayo."

Yasini alilia, kichwa kwenye nondo. Benedikta alingoja. Hakumkemea wala hakumbembeleza.

Baadaye kijana akauliza, "Na wewe, mama? Umenisamehe?"

"Mimi bado."

Askari wa zamu akasema muda umekwisha. Benedikta akainuka, akachukua mkoba wake. Yasini akajifuta uso kwa kiganja.

"Basi mama," akasema, "utakuja tena?"