Sanduku la Saba

Kijiwe chao kiko mkabala na geti la maabara ya mawe: ubao mmoja juu ya matofali, na birika la Mama Kahawa likifuka pembeni. Saa nne asubuhi hiyo wakubwa wa kampuni walikuwa waamue kama jiwe lililotolewa kwenye kisima cha kutafutia mafuta linafaa kupitisha mafuta. Likishindwa, kambi ya uchimbaji inafungwa, na wote wanaoishi kwa kambi hiyo watabaki wakipiga miayo. Toroli, mbeba masanduku, alikuwa na hofu yake ya ziada. Jumanne sanduku la saba lilimponyoka, vipande vya jiwe vikatawanyika kabla havijaandikwa namba, naye akavirudisha kwa kukisia. Hakuna aliyemwona, na hakumwambia mtu.

Betri, fundi redio, ndiye aliyeanza, kama kawaida yake.

— Jiwe kuwa na matundu haitoshi. Chukua nyumba ya vyumba ishirini, milango hamna. Utatokaje?

— Dirishani, Kinyozi akajibu.

— Mafuta hayana miguu, bwana.

Kinyozi hakukubali. Kwake yeye mafuta yana akili: yamesikia mashine, yamehamia kwa jirani. Betri naye akatia chumvi, akasema chini kote ni sponji moja, na kuna watu wanaibana upande wa pili wa dunia. Mama Kahawa akawaambia wanywe isije ikapoa.

— Penye miti hapana wajenzi, Kinyozi akasema, na penye mafuta hapana mawe.

— Hiyo umeitoa wapi?

— Basi mficha uchi hazai. Jiwe limeficha mafuta, litazaaje?

Wakacheka. Toroli akaweka kikombe chini. Akisema, kibarua kitaota nyasi. Akinyamaza, huenda akaizika kambi nzima na hawa wanaocheka wakiwemo.

Geti likafunguka, akatoka dada mpimaji, koti limejaa vumbi la mawe.

— Shikamooni. Sanduku la saba linanitesa. Jiwe zuri, bovu, zuri, bovu. Wakubwa wanasema kwa mpangilio huo mafuta hayapiti. Nani alilibeba?

Wote wakamgeukia Toroli.

— Mimi, dada yangu. Liliniponyoka. Nikavipanga kwa kukisia tu.

Aibu ilimpanda hadi masikioni, lakini kifua kikawa chepesi kwa mara ya kwanza tangu Jumanne. Dada hakumgombeza. Alikuwa ameshika vipande viwili, akamwekea mapajani. Vyote vya kijivu, vyote vizito, urefu uleule.

— Kipi kilikuwa juu ya mwenzake?

Toroli akavigeuza, akavipapasa, akavigeuza tena. Mama Kahawa akasahau kumimina. Betri akainama kuvichungulia.

— Kisia, kaka, Kinyozi akamnong'oneza.

Toroli akatikisa kichwa. Akamrudishia dada vipande vyake.

— Sijui, dada. Kusema kweli, sijui.