Dawati la Mwanafunzi Wangu

Jamani wanajumuiya, msinitazame hivyo. Leo silii, nimeomba nafasi nishukuru.

Mnanijua, mama wa kompyuta wa hapa Kitaji. Nilikuwaga natengeneza tovuti za magesti na maduka, najitegemea, sina bosi, na watoto wanakula. Halafu watu wakagundua wanaweza kujitengenezea wenyewe, bure, kwenye simu. Wateja wakakata mguu. Wa mwisho aliniambia, "Dada, hiyo kitu siku hizi hata mtoto anafanya." Nikatabasamu. Nilipofika nyumbani nililia.

Kazi zilikuwa zimehamia kwenye programu za simu, nami sikujua hata pa kuanzia. Na aliyekuwa anafundisha mambo hayo, ndugu zangu, ni kijana mmoja wa Bunda ambaye mimi ndiye niliyemfundisha kushika mausi ya kompyuta!

Nawaambia, niliona aibu. Nikamwambia jirani yangu, huyo anayejificha uso pale, "Bora nikauze dagaa Mugango." Akanijibu, "Dagaa zenyewe unazijua? Utauziwa mchanga. Nenda darasani, watoto niachie."

Basi nikapanda gari la Bunda. Mlangoni nikakuta vijana wamejaa, wote wa kuwazaa. Nilikuwa nageuka kurudi stendi, yule kijana akaniona. Akaacha kufundisha, akaja mpaka nilipo.

"Shikamoo, mwalimu."

Mbele ya wote! Kisha akawageukia: "Huyu ndiye aliyenifundisha. Simameni." Wakasimama, darasa zima, shikamoo! Nikaitikia marahaba. Aibu ikaishia pale. Nikakaa mbele, nikauliza maswali ya kijinga bila kuogopa mtu.

Ilikuwa ngumu, msidanganyike. Kuna siku nilitaka kuitupa kompyuta ziwani. Lakini leo wafugaji wa Nyamuswa wanatumia programu yangu kukumbushwa chanjo za ng'ombe, na wengine wananitafuta. Nimepumua, jamani. Nimepumua!

Asanteni mlionilelea watoto, mlionipikia, mlioniombea. Na wewe uliyenikatalia dagaa, Mungu akuzidishie. Ninachowaachia ni hiki: ukimfundisha mtu, mfundishe kwa moyo, maana hujui lini utakaa kwenye dawati lake.

Juzi yule kijana alinipigia. "Shikamoo, mwalimu. Kuna kitu kimenishinda huku. Unaweza kuja?"

Nikamwambia, "Marahaba, mwalimu wangu. Naja."